Jinsi ya kwenda ugenini na timu ya chuo na kurudi unajua ulichokiona

Ijumaa ile tulitoka Bukoba na mabao matano bila majibu, na kila wiki idadi ya waliokuwepo inaongezeka. Mashabiki tuliopanda meli tulikuwa kumi na tisa. Juzi nimehesabu watu wasiopungua arobaini wanaosimulia bao la tatu "kwa macho yangu mwenyewe", mmoja akiwa kwenye foleni ya chipsi, mikono yote miwili hewani, mpaka muuzaji akamwambia asogee asije akamwaga mafuta. Mimi tiketi yangu nimeibandika kwenye daftari kwa gundi ya ofisini. Anayebisha aje aione.

Nina kibanda cha steshenari na fotokopi mkabala na geti la chuo nilichosoma, hapa hapa Mwanza. Nimemaliza miaka saba iliyopita na sijafanikiwa kuondoka. Wananiita Katibu kwa sababu ya hilo daftari la mechi, cheo sina. Sasa tangu zile tano, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hawaniachi: "Dada Katibu, marudiano yakiisha, safari nyingine tunakwenda vipi?" Nimechoka kueleza huku mashine inatafuna karatasi. Nimeandika, nimebandika dirishani, someni.

Pesa na meli

Michango asishike mpiga ngoma. Wala asishike mtu mchangamfu. Tafuteni yule dada au kaka mkimya ambaye hata kalamu haazimishi, huyo ndiye mweka hazina. Safari moja ya Musoma tulimpa kaka mmoja anayependwa na kila mtu. Tulipofika Lamadi basi liliposimama, nauli yetu ya kurudi ilishageuka kuwa sato wa kukaanga, na sisi wenyewe tuliwala tukimsifu kwa ukarimu. Kurudi ilibidi tuombe lifti kwenye lori la pamba. Toka siku hiyo nauli ya kurudi inalipwa kabla ya ya kwenda.

Ukienda Musoma, Magu au Geita, hiyo ni habari ya basi na huhitaji maelezo yangu. Bukoba ni tofauti, kwa sababu ukipenda unaweza kwenda kwa basi kuzunguka ziwa, lakini shabiki mwenye akili anakwenda kwa MV Victoria. Meli ile ipo ziwani tangu miaka ya 1960, ikakaa kimya kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa na kurudi kazini 2020, inabeba abiria 1,200. Inaondoka usiku, inafika asubuhi. Maana yake umelala njiani, hujalipa gesti, na jioni ya mechi unageuza nayo. Ratiba na nauli kaulizie dirishani bandarini, usimuulize rafiki yako aliyepanda mwaka juzi.

Daraja la tatu linatosha. Chukua sweta, hata kama Mwanza mchana ule jua limepasua mawe. Upepo wa ziwani saa nane usiku hauulizi mchana kulikuwaje. Kula kabla ya kupanda, kidogo. Kama tumbo lako ni jepesi kaa katikati ya meli, chini, si kule mbele kwenye kupanda na kushuka. Ukiona mate yanajaa mdomoni toka nje utazame mbali, mstari wa maji na anga. Simu weka mfukoni, ndiyo inayotapisha watu.

Na kabla hujakaa, angalia majaketi ya kuokolea yako wapi. Najua mtacheka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa kwetu. Makaburi yake yapo Igoma, na ufukwe huu hukosi nyumba yenye jina moja pale. Bibi yangu mpaka leo nikimuaga kwamba napanda meli ananishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Kwa hiyo naangalia majaketi, halafu nakaa, halafu utani unaendelea.

Ngoma isipigwe usiku melini. Kuna mama ana mtoto mchanga, kuna mzee anakwenda msibani. Sisi tulikuwa tumeifunga kwenye kanga, na ikawa mto wa watu wawili. Alfajiri meli ikigusa Kemondo usishuke kwa kiherehere ukadhani umefika. Mwenzetu mmoja alishika begi lake, akaaga na kuaga, akarudishwa na mpishi.

Fika uwanjani kabla ya wenyeji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafika Bukoba asubuhi, wanazunguka mjini, wanatafuna kahawa, wanapiga picha uwanja wa Kaitaba ambako hatuchezi, wanaingia uwanjani dakika ya kumi wanauliza "ngapi ngapi?" Mdogo wangu, kama umesafiri usiku kucha kuja kuuliza matokeo, ungebaki nyumbani uulize kwa simu, ni bei rahisi.

Mechi ilikuwa saa kumi. Mimi saa saba nilikuwa kwenye kiwanja cha chuo cha wenyeji, peke yangu na kijana mmoja aliyekuwa anachora mistari kwa chokaa. Nikamsalimia, nikamsaidia kushika kamba, nikaomba nipite. Anza kwa kupima upana kwa hatua zako mwenyewe. Sheria inaruhusu uwanja uwe na upana wa mita 45 mpaka 90, na hiyo tofauti ni kubwa kuliko mnavyodhani. Uwanja wetu ni hatua zangu 74. Kile kilikuwa 63. Nikajua mapema kwamba mawinga wetu, ambao nyumbani wanachezea kwenye chaki, pale wangebanwa kama dagaa kwenye gunia, na nikajua mipira ya kurusha kwa mkono ingekuwa silaha.

Halafu tembea kwenye kona zote nne. Bukoba mvua hainyeshi kwa kuomba radhi. Usiku ule ilikuwa imepiga. Kona ya kuelekea ziwani, upande wa mwembe, maji yalikuwa yametuama chini ya nyasi. Ukisimama mbali huoni kitu, kijani kitupu. Nilikanyaga, ndala ikazama, ikabaki. Nikamuuliza kijana wa chokaa. Akacheka: "Hapo dada, ndipo tunapofungia." Nikaandika.

Ndimu, je? Kila safari kuna mtu mmoja wa kamati ya ufundi, yaani ya ndumba, anakuja na mfuko wa kaki na sura ya siri. Huyu wetu alikuwa na ndimu saba za kuzungushwa golini. Mimi ni muumini, sitaki mjadala, ila ndimu zake tulizikamulia kwenye supu ya asubuhi na hakuna aliyelalamika.

Simama wapi, ushangilie vipi

Usisimame nyuma ya benchi lenu. Unajisikia umekaribia timu lakini huoni chochote zaidi ya migongo ya wachezaji wa akiba, na mwalimu atachoka na ushauri wako. Simameni pamoja, usawa wa mstari wa katikati, upande wa pili wa mabenchi. Kumi na tisa ni wachache, mkitawanyika mnakuwa watazamaji. Mkikaa pamoja, mchezaji akiinua kichwa anajua mko wapi.

Wasalimie wenyeji waliosimama karibu yenu kabla ya mpira kuanza, mmoja mmoja, hasa wakubwa. Mama mmoja pale alikuwa anauza ndizi za kuchoma na karanga. Tulinunua zote kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili vijana wa kwao walipoanza kutusogelea kwa maneno, yeye ndiye aliyewaambia, "Waacheni hao wanangu, wamelala kwenye maji."

Sauti igawe. Nilishaona kundi zima limekauka koo dakika ya ishirini na tano, saa nzima iliyobaki wanapunga mikono kama wanaoaga meli. Ngoma ipige mfululizo lakini chini chini. Kelele zenyewe zihifadhini kwa mambo mawili, kona zetu na dakika tano baada ya wao kutukosa. Hasa hizo dakika tano.

Namna ya kutazama

Daftari langu lina safu nne: dakika, mahali tulipoupata mpira, nani kaupata, na maoni. Mabao siandiki kwenye safu, hayo kila mtu atakumbuka. Naandika mpira tulipoupora, kwa sababu timu inayotawala ugenini unaitambua kwa hapo. Kama tunaupata karibu na boksi letu, tunajiokoa, hata tukiongoza. Kama tunaupata kwenye nusu yao, basi mwenye nyumba kafungiwa chumbani kwake.

Cha pili, hesabu mara ambazo kipa wetu anaushika mpira kwa mikono. Miguu usihesabu, siku hizi makipa wanapasiana na mabeki mpaka wanasahau wana glavu. Mikono tu. Siku ile aliushika mara saba mechi nzima. Hiyo saba inaniambia mengi kuliko tano ya ubaoni.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo wasimuliaji wa foleni ya chipsi wanapokamatwa. Katika hizo saba, nne zilikuwa ndani ya dakika ishirini za kwanza. Nani kakuambia hilo? Dakika ya nane walituchana kupitia ile kona ya mwembe. Winga wao aliuacha mpira ufe kwenye maji kwa makusudi, beki wetu wa kulia akapitiliza, krosi ikaja, kichwa, mwamba! Mwamba ulilia mpaka ngoma yetu ikanyamaza. Dakika ya kumi na nne wakarudia kitu kile kile, kona ile ile, kipa akatoka akaudaka juu ya vichwa viwili. Dakika ishirini zile tulikuwa tunapigwa. Sikuandika maoni, niliandika "Mungu wangu" mara mbili.

Kilichogeuza ni kitu kidogo sana, na kama ulikuwa unaufuata mpira hukukiona. Kiungo wetu mkabaji, yule mrefu asiyeongea, aliacha kukaa katikati. Akahamia hatua kama kumi kulia, akawa anasimama mbele ya dimbwi, si ndani yake. Mpira wa kuelekea kona ukawa haufiki tena. Dakika ya kumi na tisa kaupora, ya ishirini na mbili kaupora, ya ishirini na tatu tena. Winga wao akaanza kumtazama mwalimu wake. Ukiona mchezaji wa nyumbani anatazama benchi kwenye kila mpira unaokufa, fungua ukurasa mpya.

Bao la kwanza lilikuja dakika ya thelathini kwa mpira wa kurusha (uwanja mwembamba, nilisema), la pili muda mfupi kabla ya mapumziko. Hayo napita haraka.

La tatu nalo nisimulie kwa usahihi, kwa vile limeharibiwa sana mitaani. Kipindi cha pili tulibadilisha magoli, kwa hiyo ile kona ya maji sasa ikawa yao kuilinda. Dakika ya 52 yule yule kiungo aliupiga mpira mrefu, si kwa winga wetu, bali kwenye dimbwi. Winga hakuukimbilia. Alisimama mita mbili nyuma, mikono kiunoni kabisa, kama anayesubiri chenji. Beki wao akaja mbio. Ndiyo, ni kwao, dimbwi analijua. Lakini alilizoea kwa kushambulia, miguu yake haijawahi kulilinda. Mpira ukatua, ukafa. Beki akapita nao hewa, akateleza mpaka nje ya mstari kama mtu aliyepitishwa kituo na daladala. Winga akapiga hatua mbili, akauchota kutoka kwenye maji, maji yakaruka naye, pasi ya chini, mshambuliaji akamalizia mguu wa kushoto. Hakuna aliyepiga kanzu, kumpitishia mtu mpira juu ya kichwa. Hakuna aliyepiga tobo, kumpitishia katikati ya miguu. Mnaosema tobo mlikuwa Nyegezi, huku huku Mwanza.

La nne na la tano yaliingia baada ya beki wao wa kati kutolewa amebebwa, misuli imekaza miguu yote miwili, na mbadala wake alikuwa kijana mdogo aliyeingia akifunga kamba za viatu. Nimeyaandika, ila kwa kalamu nyekundu. Kwa hesabu yangu matatu tuliyatafuta, mawili tuliokota. Wapo walioninunia kwa hesabu hii. Wanune.

Mkishaongoza kwa mengi

Acheni kuimba "ole" kwa kila pasi. Nasema hivi nikiwa na deni. Safari moja ya nyuma, siitaji ya wapi, tukiwa mbele kwa manne, mimi ndiye niliyeanzisha kuhesabu pasi kwa sauti. Tulifika pasi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili beki wetu wa kulia alikutana na mguu uliokuja na hasira zote za kijiji, akakaa nje wiki sita, na mtihani wa vitendo akaufanya kwa magongo. Aliyemuumiza alifanya kosa lake. Langu nililifanya dakika moja kabla.

Kwa hiyo baada ya bao la nne Bukoba nilimwambia mpiga ngoma abadilishe mdundo, tukaimba nyimbo za kwetu tu, za kumsifu nani na nani, bila kumtaja mwenyeji. Filimbi ya mwisho ilipolia kipa wao alikuwa amekaa golini, jezi usoni. Kipa wetu alivuka uwanja mzima akakaa naye. Hawakuongea nilivyoona. Kisha wakasimama wakabadilishana glavu, za kwetu zikiwa zimechanika kidole gumba. Nafikiri sisi ndio tuliopata faida.

Melini kurudi

Usiku ule ngoma ilifunguliwa kwenye kanga kidogo, mpaka saa nne tu, kwa ruhusa. Watu walikuwa wanapanga nani apumzishwe marudiano. "Tumeshamaliza kazi," mmoja akasema. Palikuwa na mzee amekaa juu ya gunia la kahawa, kofia ya sufu, akauliza, "Mnasoma chuo gani nyie, hamfundishwi Mufulira?"

Akatupa darasa. Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Simba 4–0, nyumbani kwake, mchana kweupe. Ushindi wa ugenini hasa, huo. Wakarudi kwao. Marudiano Lusaka, Simba ikashinda 5–0 na kusonga mbele. Sisi wote tulilijua hilo tangu utotoni, tunalisimulia kila mara kama hadithi ya Simba. Mzee yeye alituuliza swali moja: "Mnafikiri ndege ya Mufulira kutoka Dar watu walikuwa wanaongea nini?" Akavuta kofia machoni, akalala. Mwenzetu wa "tumeshamaliza kazi" akaenda kununua chai.

Ripoti

Andika kabla hujalala, hata kwa tochi ya simu. Ukifika Mwanza asubuhi, ukiona mawe ya Bismarck yanakuja na watu wanasubiri bandarini, utaanza kusimulia, na ukishasimulia mara tatu utakuwa unakumbuka masimulizi yako, si mechi. Mimi niliandika mpaka Mwanza ikaanza kuonekana, mwandiko unapanda na kushuka na mawimbi. Usiandike "tuliwazidi kila idara". Andika dakika, andika mguu, andika nani alikuwa anatazama benchi. Na yale mabaya yawepo, hata kama kundi la simu litakufokea.

Jumatatu asubuhi nilipofungua kibanda, foleni ilikuwa ya watu wanaotaka kopi ya ukurasa wa dimbwi. Niliuza ishirini na mbili. Mchana, watu walipopungua, alikuja mwalimu wa timu, kofia mkononi, akasubiri zamu yake kama mwanafunzi. Nikamvutia ukurasa wa bao la tatu, akautikisia kichwa.

"Huo waachie wao, dada. Nitolee dakika ya kwanza mpaka ya ishirini."

Nikamtolea, pamoja na "Mungu wangu" zote mbili. Nikamtoza shilingi mia.